Mtakatifu Maximilian Kolbe: Padre wa Redio Aliyesikia Kilio cha Mtu Mmoja



Sisi tuliokulia Nyanda za Juu Kusini tunaijua vizuri redio ya masafa mafupi. Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, kabla ya televisheni na kabla ya simu za mkononi, jioni ilikuwa na utaratibu wake. Baba anarudi kutoka shamba, ananawa, anakaa karibu na moto kwa sababu ya baridi, kisha anaisogeza redio. Waya wa antena umepitishwa dirishani na kufungwa juu ya mkaratusi. Betri zilizochoka zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya taarifa moja tu ya habari. Sisi watoto tunakatazwa kupiga kelele. Kitufe kinazungushwa polepole, miruzi na mikwaruzo inapita, lugha tusizozijua zinapita, mpaka Kiswahili kinapotokea: Dar es Salaam, au London iliyoanza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1957, au Vatikani mwaka 1961, au Ujerumani mwaka 1963.

Baadhi yetu tuliupenda utafutaji wenyewe kuliko hata habari. Usiku ukiwa mkubwa tulizitafuta stesheni za mbali na kuandika katika daftari saa, mita bendi na nchi. Baadaye shuleni tulifundishwa sababu. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la juu sana la anga, ambalo mionzi ya jua hulitia umeme, kisha hurudishwa chini mbali kabisa na yalikotoka. Ndiyo maana mtu aliyekaa Tukuyu au Mafinga aliweza kumsikia mtangazaji wa Roma, wakati hakuisikia redio ya nchi jirani.

Katika parokia na hospitali za misheni kulikuwa pia na redio ya upepo. Hiyo ilikuwa ya kuzungumza, si ya kusikiliza tu. Aliyewahi kuishika anaijua kanuni yake ya kwanza: ukibonyeza kitufe cha kusema, husikii. Mwenzako anaweza kuwa anaomba msaada upande wa pili, nawe hutamsikia mpaka ukiachie kitufe.

Tumeanza na kanuni hiyo kwa sababu mwezi huu wa Agosti, tarehe 14, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Maximilian Maria Kolbe, padre Mfransisko kutoka Polandi. Sehemu nyingi duniani watu wanaoifanya redio kuwa burudani yao, wale wanaopewa leseni na alama ya wito na kuzungumza na wenzao wa nchi za mbali, humtaja kama msimamizi wao mbinguni. Wengi wetu tunajua namna alivyokufa. Tuyatazame basi maisha yake yote, kwa sababu kifo kile kinaeleweka vizuri zaidi tukijua alikuwa mtu wa namna gani kabla yake.

Kijana wa hesabu na mashine

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1894 katika mji wa Zduńska Wola, akabatizwa jina la Rajmund. Wakati huo Polandi haikuwa nchi huru, na sehemu waliyoishi ilitawaliwa na Warusi. Baba yake, Juliusz, na mama yake, Maria Dąbrowska, walikuwa wafumaji wa nguo, watu wa kipato kidogo na imani kubwa.

Mama yake alisimulia baadaye kwamba mtoto huyo alikuwa mtundu. Siku moja, baada ya kukaripiwa, alibadilika ghafla. Alipobanwa aeleze, alikiri kwamba alimwomba Bikira Maria amjulishe atakuwa mtu gani, naye akamtokea akiwa na mataji mawili, jeupe la usafi wa moyo na jekundu la kifodini. Mtoto aliyakubali yote mawili. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12 hivi.

Mwaka 1907 aliingia seminari ndogo ya Wafransisko Wakonventuali mjini Lwów, ambao leo ni Lviv katika Ukraine. Waalimu walimwona haraka kuwa na akili ya hesabu na fizikia. Alichora ramani za kijeshi za kuulinda mji, na kwa muda alifikiri wito wake ni uaskari. Lakini mwaka 1910 alianza unovisi na kupewa jina la Maksymilian. Mwaka 1912 alipelekwa Roma, akarudi mwaka 1919 akiwa na udaktari wa falsafa na udaktari wa teolojia. Alipokuwa masomoni alichora mpango wa chombo cha kusafiri kwenda kwenye sayari nyingine, miaka mingi kabla mwanadamu hajaruka nje ya dunia. Waseminari wenzetu wanaofichaficha waya na vipande vya redio chini ya kitanda wajue kwamba wana mtangulizi.

Maisha ya Roma yalikuwa pia na maumivu. Baba yake alipotea vitani mwaka 1914. Yeye mwenyewe alianza kutema damu, dalili ya kifua kikuu kilichomsumbua hadi mwisho. Tarehe 16 Oktoba 1917, baada ya kuona maandamano ya watu waliolipinga Kanisa katika mitaa ya Roma, yeye na wenzake sita walianzisha Jeshi la Maria Imakulata, chama cha kuwaleta watu kwa Kristo kwa njia ya Mama yake. Tarehe 28 Aprili 1918 alipewa daraja takatifu ya upadre.

Mji wa magazeti

Aliporudi Polandi, ambayo sasa ilikuwa huru, afya yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba hakuweza kuhubiri kwa sauti wala kufundisha kwa muda mrefu. Padre asiye na kifua cha kuhubiri angeweza kukata tamaa. Yeye akaamua kwamba gazeti litahubiri badala yake. Mwezi Januari 1922 alitoa toleo la kwanza la gazeti dogo, Rycerz Niepokalanej, yaani Askari wa Imakulata, nakala 5,000. Wakuu wake walimruhusu kwa sharti kwamba fedha atafute mwenyewe, naye akapita nyumba kwa nyumba akiomba.

Kutoka Kraków kazi ilihamia Grodno, na mwaka 1927 ikahamia kwenye shamba karibu na Warszawa lililotolewa na mwenye ardhi wa pale, Jan Drucki-Lubecki. Hapo ilijengwa Niepokalanów, maana yake mji wa Imakulata. Mabanda ya kwanza yalikuwa ya mbao. Kufikia mwaka 1939 palikuwa na watawa zaidi ya 700, wengi wao mabruda, na kila mmoja alikuwa na kazi yake: wachapaji, mafundi umeme, mafundi seremala, washonaji, hata kikosi cha zimamoto. Gazeti dogo lilikuwa limefikia nakala zipatazo milioni moja kwa mwezi. Watawa wenyewe walikula chakula cha maskini na kuvaa kanzu zenye viraka, huku mashine zao za kuchapa zikiwa za kisasa kuliko za wachapaji wengi wa nchi hiyo.

Mwaka 1930, bila kujua Kijapani, Padre Kolbe alifika Nagasaki na mabruda wachache. Askofu wa hapo alihitaji mwalimu wa falsafa seminarini. Kolbe alihitaji ruhusa ya kuchapa. Walikubaliana, na mwezi mmoja tu baada ya kufika alitoa gazeti kwa Kijapani, nakala 10,000. Alijenga utawa wake upande wa nyuma wa kilima, na wengine walishangaa kwa nini hakuchagua upande unaotazama mji. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoangukia Nagasaki, kilima kilikuwa katikati, na jengo likasimama. Yeye hakuliona hilo. Alikuwa amerudi Polandi mwaka 1936, na wakati huo alikuwa amekwisha kufa.

SP3RN

Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pio XI alikuwa amefungua Redio Vatikani, iliyojengwa na Guglielmo Marconi, na kwa mara ya kwanza sauti ya Papa ilisikika mabara yote kwa masafa mafupi. Padre Kolbe, mtu wa mashine tangu utoto, alielewa maana yake. Gazeti linahitaji karatasi, treni na mtu anayejua kusoma. Redio inaingia hata katika nyumba ya asiyejua kusoma.

Kupata kibali hakukuwa rahisi, kwa sababu utangazaji ulikuwa mikononi mwa redio ya taifa. Watawa wa Niepokalanów wakaanza kwa mlango mdogo, ule wa watu wa redio za kujifunzia. Walipata alama ya wito SP3RN: SP ikiwa ya Polandi, RN ikiwa ya Redio Niepokalanów. Mafundi wao walikuwa mabruda wenyewe. Tarehe 8 Desemba 1938, sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, stesheni ile ndogo ilirusha matangazo yake ya kwanza. Bendi ya mabruda ilipiga wimbo wa Lurdi, na Padre Kolbe akakaa mbele ya kipaza sauti.

Tunaweza kufikiri furaha yake. Yule padre ambaye mapafu yake yalishindwa kuijaza sauti kanisa moja, sasa anasikika katika nyumba ambazo hatazijua kamwe. Lakini redio hiyo haikudumu. Miezi tisa baadaye vita vilianza, na mitambo ikanyamaza.

Upande wa giza

Wasomaji wetu wanastahili kuambiwa pia jambo ambalo vitabu vya ibada mara nyingi hulipita. Magazeti ya Niepokalanów hayakuwa safi katika kila ukurasa. Gazeti lao la kila siku, Mały Dziennik, lililoanza mwaka 1935, lilichapa makala nyingi zenye chuki dhidi ya Wayahudi, chuki iliyokuwa imeenea Ulaya yote miaka hiyo. Kolbe mwenyewe katika maandiko ya miaka ya nyuma aliwahi kurudia uzushi kwamba Wayahudi walikuwa na njama ya kuitawala dunia. Ni kweli pia kwamba akiwa Japani, mwaka 1935, aliwaandikia wahariri wake na kuwaonya wasichochee chuki dhidi yao. Lakini maneno yaliyokwisha kuchapwa hayarudi.

Hatulitaji hili ili kumvunjia heshima. Tunalitaja kwa sababu linatuhusu sisi tunaoandika, tunaohubiri na tunaotuma ujumbe kila siku. Mtu mwema, mwenye nia njema na chombo chenye nguvu, anaweza kusema sana juu ya watu ambao hajakaa nao wala kuwasikiliza. Kidole kiko juu ya kitufe cha kusema, na upande wa pili hausikiki.

Kisha vita viliwaleta watu hao mlangoni pake.

Vita na wageni

Wajerumani waliivamia Polandi tarehe 1 Septemba 1939. Tarehe 19 mwezi huo Padre Kolbe na mabruda kadhaa walikamatwa. Waliachiliwa tarehe 8 Desemba 1939, mwaka mmoja kamili tangu siku ya redio. Alipofika nyumbani alikuta mashine zimeporwa au kufungwa lakiri. Mji wa magazeti haukuwa na gazeti.

Badala yake ulikuja kujaa watu. Wakimbizi wapatao 3,000 waliofukuzwa makwao walipokelewa Niepokalanów, na miongoni mwao Wayahudi walikuwa wengi sana. Watawa waligawana nao vyumba, nguo na mkate. Padre aliyekuwa akihesabu nakala milioni sasa alihesabu vijiko na blanketi. Wale ambao gazeti lake lilikuwa limewaandika vibaya sasa walikuwa watoto wenye njaa na akina mama wenye majina, wakilala chini ya paa lake.

Wakati huohuo Wajerumani waliwanyang'anya Wapolandi redio zao. Kukutwa na redio, au kusikiliza stesheni za nje, kungeweza kumgharimu mtu uhai wake. Sisi tuliosikiliza redio usiku kwa burudani tufikirie watu waliozima taa na kufunika redio kwa nguo ili wasikie habari za nchi yao wenyewe. Mwezi Januari 1940 Redio Vatikani ilitangaza hadharani mateso ya watu wa Polandi. Kwa wachache waliothubutu kusikiliza, ilikuwa ishara kwamba kuna mtu aliyewasikia.

Kolbe aliomba kibali cha kuchapa tena, akapewa kwa toleo moja tu, mwishoni mwa mwaka 1940. Humo aliandika juu ya ukweli, kwamba hakuna mtu anayeweza kuubadili. Tarehe 17 Februari 1941 alikamatwa tena na kupelekwa gereza la Pawiak mjini Warszawa. Tarehe 28 Mei alihamishiwa Auschwitz na kupewa namba 16670.

Padre wa minong'ono

Huko Auschwitz hapakuwa na gazeti wala kipaza sauti. Alibebeshwa magogo, akapigwa hadi akaachwa akidhaniwa amekufa. Wenzake walimbeba hadi hospitali ya kambi. Walionusurika walitoa ushuhuda kwamba hapo alichagua kitanda cha karibu na mlango, mahali ambapo wengine hawakupenda kulala, ili awabariki waliokuwa wakitolewa wamekufa. Chakula chake kidogo aliwagawia wengine. Usiku wafungwa walimfuata kwa kutambaa kati ya vitanda, naye akawaungamisha kwa kunong'ona, maana kuungamisha kulikatazwa kabisa.

Tunapenda waseminari wetu wakae kidogo hapa. Mtume wa vyombo vya mawasiliano, mtu wa nakala milioni, alimaliza upadre wake kwa kazi ambayo padre wa kigango kidogo kabisa huifanya: kuinamisha sikio na kumsikiliza mtu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine.

Mwishoni mwa Julai 1941 mfungwa mmoja alitoroka. Kama adhabu, naibu mkuu wa kambi, Karl Fritzsch, aliwasimamisha wafungwa wa bloku hiyo siku nzima juani, kisha akapita mistari na kuchagua watu kumi wafe kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, sajini wa jeshi la Polandi, alilia akiwataja mke wake na watoto wake.

Mamia ya watu walikisikia kilio hicho, na hatuwezi kuwalaumu waliobaki kimya. Kila mmoja alikuwa akishukuru kimoyomoyo kwamba si yeye. Lakini mtu mmoja alitoka mstarini, jambo ambalo peke yake lingetosha kumfanya apigwe risasi. Alimsogelea Fritzsch na kuomba achukue nafasi ya yule mwenye mke na watoto. Alipoulizwa ni nani, alijitambulisha kwa jambo moja tu, kwamba yeye ni padre Mkatoliki. Fritzsch alikubali.

Sauti kutoka chini ya ardhi

Watu kumi waliingizwa katika chumba cha chini ya jengo, bila nguo, bila chakula, bila maji. Yaliyotokea humo tunayajua kwa sababu mfungwa mmoja, Bruno Borgowiec, aliyefanya kazi ya ukalimani na uandishi humo, aliyaona na kuyasikia, akayatolea ushuhuda baada ya vita. Alieleza kwamba kutoka katika chumba kile zilisikika sala, rozari na nyimbo za Bikira Maria, zikiongozwa na Padre Kolbe. Wafungwa wa vyumba vya jirani walizipokea na kuzijibu. Kadiri siku zilivyopita sauti zilipungua nguvu, mpaka zikawa minong'ono. Kila walinzi walipofungua mlango, walimkuta Kolbe amesimama au amepiga magoti katikati, akiwatazama kwa utulivu.

Baada ya majuma mawili walibaki hai wanne, na yeye mmoja wao. Wajerumani walikihitaji chumba. Tarehe 14 Agosti 1941 walidungwa sindano ya sumu. Borgowiec alishuhudia kwamba Padre Kolbe, huku akisali, aliunyosha mkono wake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 47. Kesho yake, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, mwili wake uliteketezwa, na hakuna kaburi.

Stesheni ya SP3RN ilikuwa na mitambo, umeme na antena, na ilidumu kwa miezi tu. Matangazo ya chumba kile hayakuwa na chochote isipokuwa koo kavu za watu wanaokufa, na mpaka leo yanasikika.

Waliobaki

Gajowniczek alinusurika. Alirudi nyumbani baada ya vita akamkuta mke wake hai, lakini wana wao wawili walikuwa wameuawa kwa mabomu mwezi Januari 1945. Wale watoto aliowalilia, ambao kwa ajili yao mtu mwingine alikufa, hakuwaona tena. Mtu anaweza kuuliza kama sadaka ya Kolbe haikupotea bure. Gajowniczek hakufikiri hivyo. Aliishi hadi mwaka 1995, akafikisha umri wa miaka 93, na karibu miaka yote hiyo alizunguka akimshuhudia padre ambaye hakupata hata nafasi ya kumshukuru. Upendo wa Kolbe haukudai matokeo. Aliyejibiwa ni mtu aliyelia pale, siku ile.

Papa Paulo VI alimtangaza mwenyeheri tarehe 17 Oktoba 1971. Tarehe 10 Oktoba 1982 Papa Yohane Paulo II, Mpolandi mwenzake, alimtangaza mtakatifu, Gajowniczek akiwapo. Kulikuwa na mjadala kama aitwe mfiadini, kwa kuwa hakuuawa moja kwa moja kwa sababu ya kuikiri imani. Papa aliamua kwamba kuutoa uhai kwa ajili ya jirani mbele ya utawala uliojengwa juu ya chuki ni kifodini. Taji jekundu la utotoni likawa limetimia pamoja na lile jeupe.

Wapolandi wa Ifunda na Kidugala

Msomaji wa Iringa anaweza kuona kwamba haya yote ni ya mbali. Si ya mbali sana. Mwaka mmoja hivi baada ya kifo cha Kolbe, watu wa nchi yake walianza kufika hapa kwetu. Walikuwa wametolewa makwao mashariki mwa Polandi na kupelekwa Siberia na sehemu nyingine za Urusi, wakatoka huko kwa kupitia Uajemi, na Waingereza wakawaleta Afrika Mashariki. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Lakini mamia waliletwa Nyanda za Juu Kusini: Ifunda, upande wa Iringa, na Kidugala, upande wa Njombe. Walikaa humo hadi miaka ya mwisho ya 1940. Walijenga makanisa na shule, walilima bustani, waliwazika wafu wao katika udongo wetu. Wasafiri wengi wa barabara ya Iringa kwenda Mbeya huipita Ifunda wakiijua kwa shule yake ya ufundi, bila kujua kwamba palikuwa kambi ya wakimbizi.

Walikuwa watu wa nchi ile ambayo gazeti la Niepokalanów lilikuwa limeingia katika nyumba zake nyingi. Walikaa katika baridi yetu ya mwezi wa saba, mbali na kila walichokijua, wakingoja habari za waume na wana walio vitani. Babu zetu waliowauzia mahindi na maharage hawakujua Kipolandi. Walijua tu kwamba hawa ni watu waliopoteza kwao.

Na sisi leo

Siku hizi masafa mafupi yamepungua. Redio za FM zimejaa, na Radio Maria, iliyoanza nchini kwetu mwaka 1996 huko Songea, inasikika katika nyumba ambazo zamani zilihangaika na waya juu ya mkaratusi. Kila frateri ana simu inayoweza kufanya kazi ya kiwanda kizima cha Niepokalanów: kuandika, kupiga picha, kurekodi, kutangaza. Mtakatifu Kolbe angefurahi, na hatuna sababu ya kuviogopa vyombo hivi.

Lakini turuhusuni tuungame jambo. Mwaka mmoja tulikwenda kigangoni kurekodi nyimbo za kwaya. Tulikuwa na kamera, vipaza sauti na haraka nyingi. Baba mmoja mzee alitujia mara tatu akiomba kuzungumza nasi. Mara tatu tulimwomba asubiri tumalize. Tulipomaliza na kufunga vyombo, alikuwa ameondoka. Nyimbo zilitoka vizuri na watu wengi walizisikiliza. Hatujui mpaka leo mzee yule alitaka kusema nini.

Kwa hiyo tunawaombeni, waseminari na waamini, mjaribu jambo dogo katika siku hizi za Agosti. Kabla ya kutuma ujumbe kwa mamia, msikilizeni mtu mmoja hadi amalize. Mgonjwa anayerudia hadithi ileile. Mama anayelia nje ya ofisi ya parokia. Mwenzenu wa bwenini aliyenyamaza tangu juzi. Na yule ambaye mmezoea kusema habari zake bila kukaa naye, nendeni mkakae naye.

Wazee wetu waliozungusha kitufe cha redio usiku walikuwa na fadhila ambayo hatukuiona kuwa fadhila. Walinyamaza, wakawanyamazisha watoto, wakavumilia mikwaruzo, kwa sababu walijua kwamba katikati ya kelele zile kuna sauti inayotaka kuwafikia. Mtakatifu Maximilian Kolbe alisimama juani pamoja na mamia ya watu wenye hofu, na katikati ya hofu hiyo, na yake mwenyewe ikiwamo, akakisikia kilio cha mtu mmoja na kukijibu.

Mtakatifu Maximilian Maria Kolbe, utuombee.